Historia ya Masisi haiwezi kuachiwa mwalimu mmoja

*Katika kalasi za Mweso, mtoto anaweza kutaja mwaka wa Mkutano wa Berlin lakini asijue ni nani alipima mashamba ya kilima chao, na kwa sheria gani. Pengo hilo linajazwa na watu wengine, na baadhi yao wana bunduki. Je, kuunganisha historia na jiografia, uraia, lugha na hata hesabu kunaweza kusaidia?*

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa nane hapa Mweso: Mkutano wa Berlin ulikuwa mwaka gani? Atajibu haraka: 1884 mpaka 1885. Kongo ilipata uhuru lini? Tarehe 30 Juni 1960. Sasa muulize: ile plantasyo ya zamani yenye iko juu ya kilima ilikuwaka ya nani, na kabla yake nani alikuwa analima pale?

Hapo anakaa kimya. Si kwamba hana jibu. Jibu analo, la nyumbani, lenye alisikia jioni karibu na moto. Mwenzake wanayeketi naye benchi moja ana jibu lingine, na mara nyingi yale majibu mawili yanapingana. Wote wawili wanajua kwamba ndani ya kalasi hayo hayasemwi.

Kimya na bei yake

Kimya hicho hakitokani na uvivu wa walimu. Masisi na Walikale zina vidonda vyenye havijakauka. Mwezi wa Machi 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Maelfu ya watu walikufa na wengine wengi zaidi wakahama vijiji vyao. Mwezi wa Mei 1996, Watutsi waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Mokoto, hapa jirani, walishambuliwa na wengi wakauawa. Mwezi wa Januari 2024, makombora yalianguka Mweso na kuua raia, maelfu ya watu wakajibana ndani ya hospitali kuu. Katika kalasi moja wanaketi watoto ambao familia zao zilikimbiana. Mwalimu akitamka neno moja vibaya, kesho mzazi yuko kwenye mlango wa prefe, ao mtu mwingine yuko kwenye mlango wa mwalimu mwenyewe.

Lakini kimya nacho kina bei. Kile ambacho shule haifundishi, wengine wanakifundisha: mwanasiasa anayetafuta kura, sauti isiyo na jina inayozunguka kwenye WhatsApp, kamanda anayetafuta vijana. Makundi ya silaha hayaandikishi vijana kwa pesa peke yake. Yanawaandikisha kwa hadithi pia: kuna wanaoambiwa wanatetea ardhi ya mababu, na kuna wanaoambiwa wanatetea ndugu wanaokataliwa na nchi yao. Kila hadithi ina kipande cha ukweli ndani yake, na ndiyo maana inashika. Kijana ambaye shule haikumfundisha kupima hadithi hana namna ya kuona kipande kilichokatwa.

Mara nyingi inasemwa kwamba historia ya hapa haifundishiki kwa sababu ni chungu. Hiyo ni kweli kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba inabebeshwa somo moja na mwalimu mmoja, wakati maswali yenyewe si ya historia peke yake. Swali la mashamba ni la jiografia na kilimo. Swali la nani ni raia ni la sheria. Swali la watu wangapi walihama, na lini, linahitaji hesabu. Swali la jina la kilima ni la lugha. Mwalimu wa historia akijibu yote hayo kwa mdomo wake, watoto wanasikia ushahidi wa mtu mmoja wa kabila moja. Wakijibu walimu wanne, wakiwa na ramani, andiko la sheria na jedwali la tarakimu, watoto wanaona kazi yenye wao wenyewe wanaweza kuikagua.

Tarehe tatu, sheria tatu

Mfano mzuri uko ndani ya sheria za uraia. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Miaka tisa baadaye, sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilifuta hiyo na kurudisha alama nyuma sana: ilidai mtu atoke katika kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Kisha sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikaleta alama ya tatu: makabila yaliyokuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, mwaka wa 1960.

1950, 1885, 1960. Kwa mtoto anayekariri, hizo ni tarakimu tu za kusahau kisha ya mtihani. Kwa familia nyingi za Masisi, kila moja ilikuwa mlango unaofunguka ao unaofungwa: kupiga kura ao kutopiga, kuwa na shamba ao kufukuzwa, kuitwa ndugu ao mgeni. Mtu mmoja, bila kutoka kwenye nyumba yake, aliweza kuwa raia mwaka wa 1972 na kupoteza uraia huo mwaka wa 1981.

Mwalimu wa uraia anaweza kuleta maandiko hayo matatu na kuyasoma mstari kwa mstari. Mwalimu wa jiografia anaweza kuuliza swali ambalo mwanasheria hakuuliza: tarehe 1 Agosti 1885, ramani ya hapa ilikuwa namna gani? Jibu ni kwamba haikuwepo. Mjerumani von Götzen alifika kwenye ziwa Kivu mwaka wa 1894, na mataifa ya kikoloni yalikubaliana juu ya mipaka ya upande huu mwaka wa 1910 tu. Ni kusema sheria ya 1981 iliwapima watu kwa mpaka ambao, katika 1885, hakuna aliyekuwa ameuchora juu ya milima hii. Mwanafunzi akiliona hilo mwenyewe, hahitaji kuambiwa na mwalimu afikiri nini.

Kilima kimoja, walimu wanne

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka wa 1925 Wabeleji walianzisha Parc Albert, ambayo leo ni Virunga, na mwaka wa 1928 ikaja Comité National du Kivu, shirika lililopewa kazi ya kugawa ardhi kwa wazungu wa plantasyo. Upande wa Rwanda, njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 ilikuwa imeua watu wengi. Plantasyo zilihitaji mikono. Mwaka wa 1937 utawala wa kikoloni ukaanzisha mpango wa kuhamisha Wanyarwanda, wakubwa kwa wadogo, Wahutu kwa Watutsi, kuja Masisi. Mpango huo uliendelea kwa vipindi mpaka 1955, na makumi ya maelfu ya watu walikuja. Huko Gishari, ndani ya Masisi hii hii, waliundiwa usultani wao wenyewe. Wabeleji hao hao waliufuta mwaka wa 1957.

Ukifundishwa na mwalimu wa historia peke yake, mpango huo unageuka kesi ya mahakama: nani alikuja, nani alipokea, nani mwenye haki. Lakini angalia kinachotokea somo likigawanywa.

Mwalimu wa jiografia anaeleza mwinuko, mvua, udongo wa volkano, na kwa nini nyanda za juu za Masisi zilivutia wafugaji na wazungu kwa mara moja. Mwalimu wa hesabu anafundisha msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba: nini kinatokea kwa shamba la familia likigawanywa kwa wana watatu, kisha kwa wajukuu tisa, wakati konsesyo ya jirani haigawanywi hata kidogo? Mwalimu wa uraia analeta sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, yenye ilisema udongo wote ni mali ya Serikali na kuahidi, katika kipengele cha 389, kwamba ordonansi ya raisi itapanga mambo ya ardhi ya kimila. Ordonansi hiyo haikutoka mpaka leo. Mwalimu wa Kifaransa anafundisha kusoma barua ya utawala wa kikoloni kama maneno ya mtu mwenye faida yake: nani aliandika, alimwandikia nani, alitaka nini, na ni watu gani hawatajwi.

Mwisho wa juma mbili, mambo mawili yanaonekana ambayo nyumbani hayasemwi pamoja. La kwanza: Wahunde wanaosema ardhi yao iligawanywa bila wao kuulizwa kwa haki, na mamlaka ya bami wao yakapunguzwa, wana sababu ya kusema hivyo. La pili: Wanyarwanda wanaosema babu zao waliletwa na Serikali, kwa mpango wa Serikali, kisha watoto wao wakaitwa wageni, nao wana sababu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Na kati ya yote mawili anaonekana mtu wa tatu ambaye hadithi za nyumbani zinamsahau: ofisi iliyochora, ikagawa, ikaandika, kisha ikaenda.

Hiyo haina maana kwamba lawama zote ni za Wabeleji na sisi wa leo tuko safi. Waliouana mwaka wa 1993 walikuwa majirani. Lakini kijana anayejua namna gani ugomvi ulitengenezwa ana nafasi ya kuuliza nani leo anapata faida ukiendelea.

"Nani alifika wa kwanza?"

Katika Masisi swali hili ni kama petroli. Hata hapa mwalimu wa biolojia ao wa kilimo anaweza kusaidia, na kwa namna isiyomchoma mtu. Angalia sahani ya Mweso. Maharage yalitoka Amerika. Mahindi, muhogo, viazi vitamu na viazi vya kizungu pia vilitoka Amerika. Ndizi ilianzia Asia. Mtama na ulezi ndio wa Afrika tangu zamani, na leo ni wachache wanaopika ulezi kila siku. Chizi ya Masisi, yenye inauzwa Goma na mpaka Kinshasa, ilianza na ufundi ulioletwa na wamisionari wa kizungu. Karibu kila chakula tunachoita chetu kilikuwa mgeni wakati fulani.

Somo hilo halifuti haki ya mtu juu ya shamba la baba yake. Kufika mbele kuna uzito wake, na mila za hapa zinauheshimu. Linachofundisha ni kwamba kufika mbele si swali pekee la historia. Kuna maswali mengine: watu waliishi pamoja namna gani, walioana namna gani, waligawana soko namna gani, na ni siku gani hayo yalivunjika.

Wazee nao ni maktaba, lakini wanasomwa

Shule nyingi za Masisi hazina maktaba. Zina wazee. Hapa Kongo ina urithi mkubwa: mwanahistoria Jan Vansina alifanya kazi kati ya Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, na kitabu chake cha 1961 kilisaidia dunia kukubali kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, kama yanapimwa kwa utaratibu. Karibu zaidi na Mweso, kati ya Wanyanga wa Walikale, msimuliaji Rureke alitoa mwaka wa 1956 utenzi mrefu wa Mwindo, ukaandikwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, na kuchapishwa mwaka wa 1969. Utenzi huo unasomwa katika vyuo vikuu vya Amerika. Ni watoto wangapi wa Walikale wameusikia shuleni?

Utenzi si kumbukumbu za mahakama, na mzee si ensiklopedia. Hapo ndipo masomo yanasaidiana. Mwalimu wa lugha anafundisha kutofautisha sifa za shujaa na habari ya maisha ya watu: uwindaji, ndoa, urithi wa mamlaka. Mwalimu wa historia anafundisha kulinganisha. Mzee akisema, "Ile ilikuwaka mbele ya volkano," wanafunzi wanauliza: volkano gani? Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021. Akisema, "Ilikuwa wakati nchi ilibadilishwa jina," ni Oktoba 1971. Akisema ni wakati wa kubadilisha pesa, ni zaire mpya ya 1993 ao faranga ya Kongo ya 1998? Kwa namna hiyo mtoto anajifunza kuheshimu mzee na kukagua maneno yake kwa wakati mmoja, bila kumwambia kwamba anadanganya.

Nini kinazuia

Kwenye karatasi, mlango uko wazi. Katika mpangilio mpya wa masomo ya miaka ya 7 na ya 8, historia, jiografia na elimu ya uraia ziko katika uwanja mmoja, wa jamii na mazingira. Taasisi za ISP, zenye zinatayarisha walimu wa sekondari, zina idara inayounganisha historia na sayansi za jamii, na nyingine inayounganisha jiografia na utunzaji wa mazingira.

Lakini kwenye ratiba ya shule, historia ni Jumatatu, jiografia ni Alhamisi, kila moja na daftari lake, mwalimu wake na pointi zake kwenye bulletin. Mtihani wa Exetat unapima maarifa kwa aitemu za kuchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa. Aitemu inaweza kuuliza tarehe ya sheria. Haiwezi kuuliza kwa nini majirani wawili wanaikumbuka sheria hiyo tofauti. Mwalimu mwenye kalasi iliyojaa, mshahara unaochelewa, na shule ambayo mwaka jana ililaza watu waliokimbia vita, anafundisha kinachoulizwa kwenye mtihani. Hakuna wa kumlaumu.

Kizuizi kikubwa zaidi ni woga, na woga huo una sababu. Kwa hiyo haifai kumwambia mwalimu "uwe jasiri" kisha kumwacha peke yake. Kazi ya pamoja ina faida nyingine hapa ambayo vitabu vya pedagojia havitaji sana: inalinda. Somo lililotayarishwa na walimu wanne wa makabila tofauti, likaonyeshwa kwanza kwa prefe na kamati ya wazazi, si rahisi kuitwa siasa ya mtu mmoja.

Majirani wanafanya nini

Nchi jirani zimepita njia tofauti. Rwanda, kisha ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilisimamisha kufundisha historia ya nchi shuleni kwa miaka mingi, juu ya kuogopa vitabu vya zamani vilivyogawanya watu. Tanzania, katika mtaala ulioanza kutumika mwaka wa 2024, imeunganisha somo moja linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Njia zote mbili zina funzo kwa Masisi. Kusimamisha kunatoa nafasi ya kupumua, lakini watoto hawaachi kujifunza, wanajifunzia kwingine. Kuunganisha kunafaa, kama maadili hayageuki kuwa kuwaambia watoto kile Serikali ya siku hiyo inataka kusikia.

Na lugha si jambo dogo. Historia ya Masisi imeandikwa sana kwa Kifaransa na Kiingereza. Watoto wanaihadithia kwa Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo. Kiswahili ndicho wanachozungumza wote kwenye uwanja wa mpira. Somo linalogusa watu linahitaji lugha ambayo hakuna anayeiona ni ya adui.

Kinachowezekana sasa

Hakuna anayetarajia Kinshasa iandike programu mpya kwa ajili ya Mweso. Lakini mikutano ya kipedagojia ya walimu ndani ya shule iko tayari, na haihitaji bajeti. Walimu wa historia, jiografia, uraia na lugha wanaweza kuchagua kilima kimoja ao jambo moja kwa trimesta: soko, barabara, plantasyo, chizi. Waanze na yasiyowaka moto, ili watoto wazoee kazi ya kulinganisha. Sheria za uraia zije baadaye. Mwaka wa 1993 uje wa mwisho, na usije mbele ya wazazi kukubali.

Na redio za jamii zina kazi yao pia. Wazee wanaokumbuka miaka ya 1950 wanabaki wachache kila mwaka. Sauti zao, za kila upande, zikirekodiwa leo na kupewa shule, kesho zitakuwa vitabu ambavyo Masisi haijawahi kuwa navyo.

Wale watoto wawili wa benchi moja hawatakubaliana kwa kila jambo, na si lazima. Inatosha kwamba siku mtu atakapokuja kumwambia mmoja wao nani ni adui yake, kijana huyo awe na swali la kumrudishia: unajuaje, na nani aliandika?